Mama Wakili na Swali Lake la Kwenu

Wateja walimwita Mama Wakili, hata wale wazee waliomzidi umri, na sisi tuliofanya kazi chini yake tukafuata. Jina lake lilikuwa mlangoni kwa herufi za shaba, lakini sikumbuki kusikia mtu akilitamka isipokuwa mahakamani, na hata huko walilitamka kwa tahadhari, kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto.

Ofisi ilikuwa ghorofani, katikati ya mji wa Mwanza, juu ya duka la nyavu za kuvulia samaki. Nyavu mpya zina harufu yake. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo mahali popote, moyo unanipiga kwa kudhani nimechelewa kazini.

Swali lake la kwanza kwa kila aliyekuja kuomba kazi lilikuwa moja: "Kwenu wapi?" Hakuuliza umesoma wapi. Hilo, alisema, limeandikwa kwenye karatasi, na yeye kusoma anajua. Aliuliza kwenu wapi, kisha akauliza pale una nani, kisha mara ya mwisho ulimsalimia lini. Alikuwa na namna ya kukutazama juu ya miwani huku amenyamaza, mpaka unajikuta unajibu na yale ambayo hukuulizwa.

Watu wengi mjini walimwona mkabila. Nami niliwahi kumwona hivyo, lakini sivyo alivyokuwa. Alimkatalia Msukuma wa Kwimba ambaye nusu ya ukoo wake iliishi pale pale Mwanza. Alimuuliza mara ya mwisho kwenda kumwona babu yake ilikuwa lini, na yule kijana akajibu kwa kujiamini kwamba huwa anampigia simu kila wiki.

"Sikuuliza simu yako inafika wapi," Mama Wakili alimwambia. "Nimeuliza wewe."

Mimi nilifika kwake nikitokea Morogoro. Nilikuwa nimemaliza Shule ya Sheria na ofisi za Dar es Salaam zilikuwa zimejaa. Tuliomaliza pamoja tuliambizana kwamba huko Kanda ya Ziwa nafasi zipo, ila wanataka mtu wa huko, mtu ambaye hatawakimbia. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliandika kwenye barua ya maombi sentensi ile ile: "Nina uhusiano wa karibu na Kanda ya Ziwa." Rafiki yangu mmoja aliiandika ilhali uhusiano wake ulikuwa ni kupita Shinyanga mara moja ndani ya basi, tena amelala.

Mama Wakili alikuwa ameipigia sentensi yangu mstari kwa penseli.

"Huu uhusiano wa karibu," aliniuliza, "uko karibu kiasi gani?"

"Baba yangu ni wa Sengerema, Mama."

"Yupo?"

"Alishafariki. Alikuwa fundi wa mitambo Morogoro. Nimezaliwa huko."

"Sengerema wapi?"

Nikataja kijiji. Nilikitaja vizuri, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Pale una nani?"

"Shangazi yangu. Dada yake baba."

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

"Kwenye mazishi ya baba. Nilikuwa kidato cha pili."

Nje, wauza ndizi walikuwa wanagombana na mgambo. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Umelala wapi jana?"

"Gesti, Mama. Pale karibu na stendi."

"Umetoka Morogoro mpaka hapa," akasema polepole, "ng'ambo ya maji pana dada wa baba yako, na wewe umelala gesti." Hakuuliza, kwa hiyo sikujibu. Akafunga faili langu. "Nenda kamsalimie. Kivuko cha Kamanga kipo. Ukirudi, pita hapa."

"Nikirudi nitakuwa nimepata kazi?"

"Ukirudi utakuwa umemsalimia shangazi yako."

Nilishuka ngazi nimekasirika. Nilijiambia huyu mama ni mjeuri tu, kwamba nitapanda basi nirudi Morogoro kwa mama yangu. Lakini mtu asiye na kazi hana ujeuri wa kudumu. Nilinunua sukari, sabuni na kitenge, nikapanda kivuko, na upande wa pili nikachukua bodaboda. Dereva alinipeleka kijijini kwa kuulizaulizia njiani, maana mimi mwenyewe nilikumbuka mwamba mmoja tu mkubwa na kanisa lenye bati jekundu. Kumbe bati lilikuwa limeshabadilishwa.

Shangazi alikuwa anaanika mihogo juu ya mwamba. Nikamwamkia, naye akaitikia kama mtu anavyomwitikia afisa wa kata.

"Mimi ni Kabula, shangazi," nikasema. "Mtoto wa kaka yako. Wa Morogoro."

Aliniangalia, akakung'uta unga mikononi, akanishika kidevu na kunigeuza uso upande huu na upande ule. Kisha akaanza kunigombeza. Aligombeza huku analia, nusu Kisukuma nusu Kiswahili, kwamba kaka yake alizikwa, watoto wakaondoka na gari na vumbi likatulia mpaka leo, na je, yeye alikuwa amewakosea nini? Nilipiga magoti pale pale kwenye mwamba wenye mihogo, nikamshika miguu.

Nilikuwa nimepanga kurudi siku hiyo hiyo, nikakaa mpaka Jumapili ikapita. Watu walikuja kuniona kama harusi. Baba alizoea kutusimulia jinsi alivyochunga makundi ya ng'ombe utotoni, na sisi watoto wa Morogoro tulimwona shujaa. Mzee mmoja jirani ya shangazi aliniambia kwamba hakuna kijana aliyeogopa ng'ombe katika kijiji kile kama baba yangu, na kwamba siku moja mtamba alimpandisha juu ya mti, akashushwa na mama yake kwa kubembelezwa. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli. Miaka yote hiyo sikuwahi kukutana na mtu aliyemjua baba yangu akiwa mdogo.

Nilirudi Mwanza na mfuko wa michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Mama Wakili alimtazama yule kuku juu ya zulia lake la ofisini.

"Wamesemaje kuhusu baba yako?"

Nikamsimulia habari za mtamba. Mama Wakili alicheka, akavua miwani, akacheka tena, akajifuta macho kwa upande wa kanga aliyokuwa akiiweka kwenye kiti.

"Anza Jumatatu," akasema. "Kuku huyo utajua mwenyewe, michembe unigawie."

Baadaye nilielewa kilichomfanya awe hivyo. Ofisi yake, kama alivyosema mwenyewe, ilikuwa imegeuka kituo cha basi. Vijana walikuja na vyeti vizuri, wakajifunza kazi kwake, wakaapishwa uwakili, na kabla joho halijapoteza mikunjo ya dukani wakaenda zao Dar. Hakuwalaumu kwa hilo. Aliyemuuma ni mjane mmoja wa Ukerewe aliyekuwa na shauri la kiwanja. Alimsimulia kijana wa kwanza mambo yake yote, jinsi shemeji zake walivyomtoa ndani na watoto, akalia. Kijana akaondoka. Akaja wa pili, yule mama akasimulia upya, akalia upya. Alipokuja wa tatu, yule mjane alimwendea Mama Wakili akamwambia, "Nimechoka kumlilia kila mtu. Kama hamna wa kukaa, niache kiwanja kiende."

"Nikajiambia sitaajiri tena mtu ambaye hana cha kumshika," alinieleza. "Huyu mama analia mara ngapi?"

Kazi kwake ilikuwa ngumu. Mswada wenye kosa aliurudisha bila neno, umekunjwa mara mbili, na wewe utafute kosa lenyewe. Kusifia hakujua. Sifa yake ya juu kabisa ilikuwa, "Hii haijaniudhi," na Masanja, karani wetu wa miaka mingi, aliwahi kuniambia kwamba yeye amelisikia neno hilo mara chache kuliko alivyoona kupatwa kwa jua. Akikasirika sauti yake ilishuka mpaka dukani kwenye nyavu. Lakini hasira hiyo haikufika jioni. Utamwona anapanda ngazi na mahindi ya kuchoma yamefungwa kwenye gazeti, anayaweka mezani kwako bila kukutazama.

Alikuwa na raba za turubai ndani ya droo, kwa ajili ya kwenda kuona mashamba yenye migogoro. Wakili mwingine angekwenda shambani, angeangalia mpaka, angepiga picha na kuondoka. Yeye alianza nyumba ya kwanza kijijini. "Mwangaluka," anasema mlangoni, anaitikiwa, anakaa, anauliza hali ya mvua, mifugo, wagonjwa, kisha nyumba ya pili. Tunafika kwenye mpaka wenyewe jua limeshakuwa kali, na mimi na viatu vyangu vya ofisini nimeshachoka. Nilidhani anapoteza muda, mpaka nilipoona kwamba kabla hatujafika shambani alikuwa ameshajua nani amegombana na nani, na kwa nini, na mara nyingi kiini hakikuwa shamba. Mara nyingine wenye ugomvi walipatanishwa hapo hapo chini ya paa la jirani, tukarudi mjini bila shauri. Masanja alilalamika. Mama Wakili alisema shauri lililokufa changa halinuki.

Na alikuwa na mambo ambayo hayakupatana. Huyu aliyetuambia wakili wa Kanda ya Ziwa lazima awe mtu wa ziwa, yeye mwenyewe aliliogopa ziwa. Kwenye kivuko hakushuka garini. Alikaa kiti cha nyuma, amefumba macho, rozari mkononi, na ukimsemesha anakujibu kwa mkono tu: subiri. Samaki pia hakula. Wateja wake wa Mwaloni, soko la samaki kule Kirumba, walimletea sato wakubwa kwa shukrani, naye aliwapokea kwa mikono miwili, akashukuru "wabeja sana", akauliza wamevuliwa wapi. Mteja akishafika chini ya ngazi, sato anagawiwa sisi. Nilidhani daktari amemkataza.

Shangazi yangu alipougua na kulazwa Sengerema, nilimwomba ruhusa. Hakuniuliza nitarudi lini. Siku ya pili yake nikamwona anaingia wodini, ameshika chupa ya uji, uso umempauka kwa ajili ya kivuko. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtu asiyemjua, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, wakazungumza Kisukuma chao ambacho mimi nilikuwa nakikamata nusu nusu. Shangazi alipopona alinishauri nisimwache yule mama. "Huyo ni mtu wa kwetu kabisa," alisema.

Nami niliamini hivyo.

Kuna kijana mmoja lazima nimtaje, kwa sababu Mama Wakili hakupenda atajwe. Alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja usaili nikiwa nimeshaapishwa, nami nilikaa mezani kama msaidizi. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote aliyewahi kupanda ngazi zile, na adabu alikuwa nayo. Akaulizwa kwenu wapi, akasema Tanga. Hapa una nani? Akasema hana mtu. Basi kwa nini Mwanza?

"Niliiona kwenye picha nikiwa shule ya msingi, Mama," alisema. "Yale mawe yaliyokaa juu ya maji. Nikasema nikikua nitaishi pale."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Mama Wakili alimshukuru, akamwambia tutakujulisha, na mlango ulipofungwa akasema, "Mawe hayamshiki mtu."

Nilimtetea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubishana naye, na sauti yake ilifika dukani kwenye nyavu. Kijana hakuajiriwa.

Hakuondoka. Alikodi chumba Kirumba, karibu na uwanja wa mpira, akaweka meza na viti viwili. Alianza na mashauri ambayo hakuna aliyeyataka. Akaoa binti wa Kijita. Akajifunza kupiga kasia. Na siku moja tulikutana naye mahakamani, yeye upande mmoja na Mama Wakili upande wa pili, katika shauri la mirathi, akatushinda. Alitushinda vizuri, kwa heshima, bila kumkatiza mkubwa wake kauli.

Tulipotoka nje nilitegemea hasira. Mama Wakili alinipa mkoba wake nishike, akaenda mpaka alipokuwa yule kijana, akampa mkono. Kijana akainama akasema shikamoo. Sikusikia walichoongea. Baada ya hapo, wateja ambao tulishindwa kuwahudumia aliwaelekeza kwake, na aliwaambia, "Nendeni kwa yule wa Kirumba, ni mtu wetu."

"Kwa hiyo ulimkosea," nilimwambia siku moja nilipopata ujasiri.

"Nilimkosea," akakubali. Akafikiri kidogo. "Lakini ningemwajiri asingepata hasira ya kukaa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikiri kosa, kisha akalitafutia kazi.

Shemeji yake alipofariki, huko Magu, tulikwenda ofisi nzima kuzika. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wakati Mama Wakili alipokuwa anashuka garini, na bibi mmoja mzee sana pembeni yangu akasema kwa furaha, "Afadhali, Mbena wetu amefika."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wabena ni watu wa Njombe, nchi ya baridi kule kusini, hakuna ziwa wala Msukuma. Nikamuuliza bibi anamsema nani. Akanyoosha kidole kwa Mama Wakili, ambaye wakati huo alikuwa anaangua kilio kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko cha wenyeji.

Kwenye gari, tukirudi, dereva alikuwa mbele na sisi wawili nyuma. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, wewe ni Mbena?"

"Nani kakwambia?"

"Bibi mmoja pale msibani. Amesema Mbena wetu."

Akacheka kidogo, kicheko kilichochoka. "Yule bibi ndiye aliyesimama kwenye kikao mume wangu alipofariki, akasema nirudishwe Njombe na mizigo yangu. Watoto wabaki, mimi nirudi. Nilikuwa na mtoto mgongoni." Akatazama nje. "Leo ni Mbena wetu. Hilo neno 'wetu' limewachukua muda."

Nikaelewa habari ya samaki, na ya kivuko. Nikaelewa pia kwamba katika miaka yote aliyotuuliza kwetu, hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza yeye.

"Nilipokuwa natafuta kazi hapa mjini," akaendelea bila kuulizwa, "nilikwenda kwa wakili mmoja mzee. Akaniuliza kwenu wapi, nikasema Njombe. Akasema Njombe ni mbali, binti, utakumbuka nyumbani utatuacha. Nikaenda ofisi nyingine. Wakasema mume wako ni daktari wa mifugo, mtumishi wa serikali, akihamishwa utamfuata. Mume wangu akafariki. Nikarudi kwa wale wale, nikawaambia sasa sina wa kumfuata. Wakasema, basi sasa utarudi kwenu." Akahesabu kwa vidole. "Nikiwa na mume nitaondoka. Nisipokuwa na mume nitaondoka. Nikafungua ya kwangu."

Tulisimama kupisha ng'ombe kuvuka barabara. Nilikuwa na swali na niliogopa kuliuliza, lakini barabara ilikuwa ndefu.

"Sasa kwa nini na wewe unatuuliza?"

Aliwatazama ng'ombe mpaka wa mwisho akavuka.

"Wao waliuliza ili wapate sababu ya kufunga mlango," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi nimewahi kuufunga. Yule wa Tanga." Akazungusha pete kidoleni. "Mimi sitafuti mtu aliyezaliwa hapa, Kabula. Nilitaka mtu ambaye siku akifunga mzigo wake, kuna mtu atatoka ndani amuulize unakwenda wapi. Mimi nilipofunga mzigo wangu, aliyetoka kuniuliza alikuwa jirani tu, mama muuza dagaa. Aliuliza tu hivyo, unakwenda wapi. Nikakosa la kumjibu, nikafungua mzigo."



Basi mtu aliyesema hayo, fikiria nilivyomwogopa siku ofisi moja kubwa ya Dar es Salaam iliponiita kwenye usaili. Sikuwa nimechoka na Mwanza. Mama yangu alikuwa peke yake Morogoro, presha inampanda, na kutoka Dar ningeweza kumfikia. Nilimweleza Mama Wakili nikiwa nimesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Mama yako anaumwa na wewe unaniogopa mimi?" akasema. "Kaa chini."

Nikakaa. Akavuta kiti chake mbele, akashusha miwani.

"Wakikuuliza una nani Dar es Salaam, utasemaje?"

"Nitasema nilisoma huko."

"Kusoma si kuwa na mtu. Hata panya anasoma magazeti ya dukani. Una nani?"

"Nina binamu Mbagala."

"Anaitwa nani? Ana watoto wangapi? Ulimsalimia lini?"

Wiki nzima alinifanyia usaili wa watu wengine. Alinituma nimpigie binamu yangu, akanikumbusha nitaje kanisa nililosali nikiwa mwanafunzi, kwaya niliyoimba, mama niliyepanga kwake. Alitaka niwaoneshe hao mabwana wa Dar kwamba mimi ni wa kwao kabisa, na nilipojibu kwa ulegevu alikasirika. "Wataona huna mizizi! Sema tena!" Masanja alisikiliza kutoka meza yake, anatikisa kichwa.

Nilikwenda. Walinipokea kwenye chumba chenye vioo na baridi ya mashine. Waliniuliza mikataba niliyowahi kuandaa, lugha ninazojua, na kama naweza kufanya kazi Jumamosi. Nilijibu vizuri. Niliporudi Mwanza, Mama Wakili alikuwa ananisubiri juu ya ngazi.

"Wamekuuliza kwenu?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Uso wake ulisinyaa, kama vile wamenitukana. "Na watajuaje wamemwajiri nani?" akasema, akaingia ndani.

Walinipa kazi ile. Nilimpigia mama yangu simu kumwambia, nikidhani atafurahi, naye akauliza, "Shangazi yako atabaki na nani?" Mwisho wa maneno mengi ni kwamba yeye ndiye aliyekuja. Alikuja kunitembelea, akaipenda hewa, akapanda maharage uani kwangu, akayasubiri yakomae, na tangu hapo hajakosa cha kusubiri. Siku nilipomwambia Mama Wakili kwamba nimewakatalia watu wa Dar, aliendelea kusoma faili lake. Jioni nikakuta mahindi mezani, na kwa mara ya kwanza akanisemesha akipita: "Usiku mwema, wakili." Kabla ya hapo nilikuwa binti, au Kabula, au wewe.

Uzee ulimwingia kwa macho. Alianza kusoma karatasi akiwa amezisogeza puani, kisha akaanza kuniambia nimsomee, kisha siku moja akakosea ngazi, akaanguka, akavunjika nyonga. Mwanawe, anayeishi Dar, alikuja na maneno ya upole na tiketi ya ndege. Aligoma kwanza. Aligoma pia mara ya pili. Mara ya tatu mwanawe alikaa tu chini pembeni ya kitanda cha mama yake, nyumbani Pasiansi, mtu mzima mwenye mvi, akalia. Mama Wakili hakuwa na dawa ya kilio.

Nilimsindikiza mimi kiwanja cha ndege. Si mbali kutoka Pasiansi, lakini tulikwenda polepole, kwa sababu majirani walisimama njiani kumuaga na kila mmoja alitaka kushika mkono wake. Kwenye kiti cha magurudumu alionekana mdogo. Alikuwa amevaa suti yake ya mahakamani.

Mwanawe alipokwenda kushughulikia mizigo, alinivuta karibu.

"Watu wataniulizia."

"Wataulizia, Mama."

"Usiwaambie nimerudi kwetu. Njombe sina mtu aliyebaki, na Dar si kwetu, ni kwa mwanangu. Usiwaambie nimehama." Alishika mkono wangu kwa nguvu. "Waambie nimesafiri."

"Nitawaambia hivyo."

"Sema nikusikie."

"Mama Wakili amesafiri."

"Hiyo haijaniudhi," akasema, na mwanawe akaja akamsukuma kuingia ndani.

Wiki ile sikuweza kukaa kwenye chumba chake. Nilifanya kazi kwenye meza yangu ya zamani, mlango wake umefungwa. Asubuhi moja akapanda ngazi mzee mmoja wa Buchosa, amevaa koti zito, mkononi ana fimbo na bahasha ya kaki. Masanja akamkaribisha. Mzee akaangalia mlango uliofungwa.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Namtaka Mama Wakili."

Masanja akaniangalia. Tulikuwa hatujajibu swali hilo bado, si yeye wala mimi.

"Amesafiri, baba," nikasema.

"Kaenda wapi?"

"Dar es Salaam."

Mzee akafikiri. Akatikisa kichwa, akaridhika. "Ah, Dar. Watu wanakwenda na kurudi." Akavua kofia, akaegesha fimbo ukutani, akaketi kwenye benchi kama mtu aliyefika. "Basi nitamngoja."

Nilisimama kidogo pale katikati ya chumba. Kisha nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamuuliza mvua za huko kwao zimekuwaje mwaka huu.